Jirani na Ndege Iliyonyamaa

Mtaani kwetu, pale Shela ya Malindi, majirani tulikuwa nao kila upande, lakini ukisema "Jirani" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Ni yule bwana wa eksirei, aliyepanga nyumba iliyoshikana ukuta na yetu. Mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mpole kupindukia. Alikotoka sikupata kuuliza zaidi ya kujua kwamba ni mbali na kwamba kuna baridi, maana mwezi wa saba sisi tukijitanda mashuka, yeye alikuwa akipiga pasi uani na fulana ya ndani, akitucheka kwa adabu. Mkewe alikuwa akiteremka Disemba na watoto, wanakaa wiki chache, kisha wanarudi kwenye shamba lao na shule zao. Miezi iliyosalia Jirani aliishi na ndege yake.

Ilikuwa ndege ya kuchezea, ingawa ukilitumia neno hilo mbele yake alikuwa akikohoa kidogo na kutazama pembeni. Aliiunda mwenyewe kwa mbao nyepesi alizoletewa na Mtaliana mmoja mwenye nyumba ya likizo karibu na ufuo. Mabawa yake yalikuwa mapana hata ikambidi aipitishe mlangoni kwa ubavu, na puani ilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, inayokunywa mafuta na kupiga kelele. Jirani alisimama chini na kisanduku cha redio chenye antena ndefu, akivisukuma vijiti viwili kwa vidole gumba, nayo huko juu ikamtii.

Nataka kumweleza mtu huyu kwa sababu ya mlio wa injini ile. Kuna wakati katika maisha yangu mlio huo ulikuwa ndio kitu pekee nilichosalia nacho cha marehemu mume wangu ambacho bado kilikuwa hai, na Jirani, kwa wema wake, akaniondolea.

Lakini nianze na kazi yake. Kazini alikuwa mtu wa giza, chumba chenye mapazia meusi katika hospitali ya serikali, na sijui kama kuna mtu wa Malindi wa umri wangu ambaye hakupata kusimama mbele ya mtambo wake akiambiwa avute pumzi asitikisike. Watu hakuwakumbuka kwa sura wala kwa majina. Aliwakumbuka kwa mifupa. Wakiwa sokoni na mume wangu, mtu akipita akawaamkia, Jirani alikuwa akingoja aende zake kisha anauliza taratibu, "Huyu si ndiye yule wa bega?" Na akiambiwa ndiye, alilitazama lile bega likiondoka na kikapu cha nazi, akaridhika sana. Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani akinihadithia huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Kwa siri hakuwa na mfano. Wanawake wa mtaani walimzunguka kwa maneno matamu, wamletee sambusa, wamuulize bibi fulani alionekana na nini kifuani. Alikula sambusa, akashukuru, akasema, "Mimi napiga picha tu, mama. Kusoma ni kazi ya daktari." Tulijua wazi kwamba miaka yote ile asingekosa kujua anachokitazama, lakini hakuna aliyewahi kumtoa neno.

Basi mtu huyo, asiyeinua sauti hata akifukuza mbuzi, ndiye aliyekuwa na kitu chenye makelele kuliko vyote mtaani. Hili lilinichekesha tangu mwanzo. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimejaa makovu, kwa sababu injini ilikuwa haiwaki mpaka aizungushe rafadha kwa kidole, na rafadha, lile panga la puani, ikiwaka haimsubiri mtu aondoe mkono. Kioo cha rubani alikikata kutoka kwenye filamu ya eksirei iliyotupwa, akaiosha mpaka ikawa nyeupe. Ukiiinua juani bado uliona kivuli cha mbavu za mtu, na yeye hakusema ni za nani.

Jambo jingine la kumweleza ni jinsi alivyojifunza adabu za kwetu. Alipokuwa mgeni aliazima ngazi yetu ili apandishe waya wa redio. Jioni akamuuliza mume wangu, "Je, mnaihitaji leo?" Mume wangu akajibu kama anavyojibu mtu aliyelelewa, "Hapana, hapana, kaa nayo tu, jirani." Jirani akashukuru, akakaa nayo. Kumbe wakati huo fundi wetu wa kuezeka yuko juu ya paa, anangoja ngazi ateremke. Tulimshusha kwa kamba na matusi, na mume wangu bado akikataa katakata kwenda kuidai. "Nimekwisha kumwambia akae nayo," alisema. "Nitamwendeaje tena?"

Kesho yake Jirani alipopata habari aliona aibu ya kufa mtu. Akajitungia kanuni, na kila mtumishi mpya wa hospitali aliyeshuka kutoka bara alifundishwa: watu wa hapa wakikwambia hapana mara moja, ni hapana, wakisema hapana mara mbili, ujue ni ndiyo, nyanyuka ukafanye. Mume wangu aliposikia alisema kanuni hiyo ni sahihi kabisa, na kwamba hata serikali ingefaa kuijua.

Urafiki wao ulianzia kwenye ngazi hiyo. Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa, mtu wa rula na mikasi, na mashine hakuzijua hata kidogo, lakini ndege ile ilimwingia akilini. Jumamosi alasiri alikuwa akifunga duka mapema, anakwenda na Jirani kwenye kiwanja kilicho wazi nyuma ya mtaa. Kazi yake ilikuwa kushika mkia. Injini ikiwashwa ilibidi mtu aizuie ndege isikimbie kabla haijapata nguvu, na mume wangu alipiga magoti vumbini na kanzu yake, ameikumbatia, moshi na matone ya mafuta vikimrukia usoni. Mafuta hayo yalichanganywa na ya mbarika, yale mazito ya nyonyo. Kanzu zake zote za Jumamosi zilinuka mbarika, na mimi ndiye niliyefua, na nikilalamika nilikuwa nalalamika kwa ulimi tu.

Nikiwa jikoni niliusikia mlio mwanzo hadi mwisho. Kwanza injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Kisha ukapanda mlio mwembamba, mkali, unaokata hewa, halafu ukaanza kwenda mbali na kurudi. Nilijua sasa imeelekea baharini, sasa inageuka, sasa iko juu ya minazi ya msikitini. Ikinyamaa, najua mume wangu yuko njiani, naweka kahawa motoni. Miaka ilipita hivyo, wala sikuwaza kwamba nina raha.

Kisha ikaja kikohozi cha mume wangu, ambacho hakikusikia dawa ya duka wala ya majani. Alipelekwa hospitali, na aliyempiga picha ya kifua ni Jirani. Jioni ile hakutusimulia kitu. Alikaa kwenye kizingiti chake, mikono magotini, akaitikia salamu za kila apitaye, na Jumamosi iliyofuata ndege haikutoka. Daktari alituita baadaye kidogo. Mume wangu hakuumaliza mwaka, Mungu amrehemu.

Nikaingia eda. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kukaa nami, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema, ambaye kwa kumtunza mjane alijua njia moja tu, nayo ni kumlisha. Mjane wa eda hatoki, hajipambi, hazungumzi na wanaume wa kando. Nyumba ilikuwa ile ile na mimi sikuwa mimi. Nilizoea kusikia miguu ya watu barabarani na kuijua mmoja mmoja.

Jirani hakuigusa ndege mpaka arobaini ilipopita. Nakumbuka nilikuwa nachambua mchele. Nikasikia inakohoa, inakohoa tena, inashika. Kabla akili haijanijia, moyo ulikwisha kuniambia: yuko kiwanjani. Nikaketi na ungo mapajani nikiufuata mlio unavyokwenda baharini na kurudi, na muda wote ule mume wangu alikuwa hai, amepiga magoti vumbini, kanzu imechafuka. Uliponyamaa nikasimama nikaweka kahawa.

"Kahawa ya nani, wifi?" wifi akaniuliza.

Hapo ndipo nilipolia kilio ambacho sikukilia siku ya maziko. Baada yake nilijisikia mwepesi, nikala chakula chake chote, naye akafurahi akidhani ni upishi. Tangu siku hiyo nikawa naingoja Jumamosi. Sikumwambia mtu, kwani ningemweleza vipi mtu kwamba nafarijika kwa makelele?

Ikaendelea hivyo kwa majuma machache. Jumapili moja asubuhi Jirani alibisha hodi, akasimama nje mbali kidogo na mlango kama inavyostahili. Wifi akaenda. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikisikia kila neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nimestarehe. Nilikuwa nauliza tu, hii ndege yangu ya jana… haimsumbui mwenye nyumba? Mtu akiwa kwa hali hiyo, na makelele vile."

"Hapana! Hapana, baba!" wifi akasema kwa ukarimu wake wote. "Hata kidogo. Tumezoea, wewe ruka tu."

"Asante mama," akasema. "Nimeelewa."

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na mlio. Wala iliyofuata. Nilimwambia wifi labda Jirani anaumwa. Akaniambia amemwona buheri wa afya, anatoka kazini na mfuko wa viazi. Nikajiambia labda hana mafuta. Kila Jumamosi nilikuwa na sababu mpya, na kila Jumamosi nyumba ilikuwa kimya kuliko iliyopita. Nilihisi kama nimefiwa mara ya pili, na safari hii bila matanga.

Chumba chetu cha juu kina dirisha linalotazama uani kwake. Najua mwanamke wa eda hachungulii wanaume. Mimi nilikuwa nachungulia ndege. Nikaiona juu ya meza, imefunuliwa ngozi, mbavu zake za mbao ziko wazi. Jirani alikuwa anafungua skrubu za injini. Akaing'oa, akang'oa tangi na vimirija vyake, akaipangusa injini kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaifunga, akatoka nayo chini ya kwapa. Aliporudi hakuwa nayo tena. Nikajua basi, ameacha.

Lakini siku chache baadaye akaja mlangoni kuomba wanga.

"Wanga wa kupikia?" wifi akauliza.

"Wa nguo, mama. Ule wa kutia kanzu."

Nilikuwa nao kopo zima, na hapakuwa tena na kanzu ya kutia wanga. Nikampimia mwenyewe, nikampa wifi apeleke, pasipo kujua wa nini. Kutoka dirishani nikamwona anaukoroga mzito, anaupaka kwenye mbao za pua, zilizokuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Ukikauka, anausugua kwa brashi. Ulitoka rangi ya kahawia. Anapaka tena, anasugua tena, siku nenda siku rudi, mpaka ulipoanza kutoka mweupe kama ulivyoingia. Baadaye alinieleza kwamba mafuta yaliyozama ndani ya mbao hayaachi gundi ishike, na tena ni mzigo, na ndege aliyokuwa akiitaka isingeweza kubeba hata tone la mzigo.

Alichokuwa akifanya ni kuihamisha ndege kutoka injini hadi umeme. Mtaliana wake alikuwa ameleta kutoka Ulaya mota ndogo yenye umbo la kopo, pamoja na betri za kuchajiwa zilizofungwa kwa utepe. Mwenyewe alikwisha kuchoshwa nazo, akisema hazina nguvu. Akazibadilisha kwa injini ya Jirani na galoni la mafuta kwa furaha kubwa, na msimu ulipokwisha akapanda ndege ya kweli akarudi kwao nayo. Watu wengine wote wenye kuchezea vitu hivyo walikuwa wakikimbilia injini. Jirani peke yake alikuwa akielekea upande wa pili.

Nguvu ya mota ile ilikuwa ndogo, na zile betri nzito kama mawe. Nilimwona akiiinua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, aone inalala vipi. Pua ikainama. Akasogeza betri nyuma, mkia ukainama. Akasogeza tena, kidogo kidogo, mpaka ilipotulia sawasawa hewani, na yeye ameizuia pumzi kama mmoja wa wagonjwa wake. Kisha akaanza kuipunguza. Alitoboa mbavu zake matundu, akakwangua rangi yote kwa wembe, kwani hata rangi ina uzito, akaivika karatasi nyembamba mahali pa kitambaa. Mwisho akayatoa magurudumu. Alikaa akiyatazama mkononi kwa muda, akayatia mfukoni.

Siku aliyoiwasha uani nilikuwa dirishani. Ilitoa sauti ya cherehani iliyotiwa mafuta vizuri. Nikafunga dirisha.

Eda ilipokwisha, wanawake wakaja, nikaogeshwa, nikavishwa, nikatoka. Haikupita wiki Jirani akaja. Akanipa pole upya, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuonana uso kwa uso, na machozi yakamlengalenga. Halafu akasema, "Jirani, naomba Jumamosi uje kiwanjani, wewe na mama. Kuna kitu nataka muone."

Tukaenda. Nilikuwa sijapata kukanyaga kiwanja kile maisha yangu yote. Nilikijua kwa masikio tu. Nikashangaa kilivyo kidogo. Jirani alikuwa ameshika ndege yake mpya, nyeupe, isiyo na magurudumu, na uso wake uling'ara.

"Haina makelele sasa," akaniambia. "Hata ukiwa umelala ndani, hutaisikia. Nilimuuliza mama hapa, akaniambia hapana, hapana. Nikaelewa. Mimi siku hizi naelewa."

Wifi akanishika mkono kwa nguvu. "Wifi," akaninong'oneza, "wallahi mimi nilisema hapana kweli!"

Ndipo mambo yote yaliponijia kwa pamoja: Jumamosi zilizokuwa kimya, injini iliyotoka chini ya kwapa, wanga wa kanzu za mume wangu. Mtu huyu alikuwa amekinyamazisha kitu anachokipenda kuliko vyote ili mjane wa jirani yake apumzike, na mjane mwenyewe alikuwa akiomba Mungu amjalie kukisikia tena. Ningemwambia nini? Injini ilikuwa Ulaya. Nikasema, "Ahsante sana, jirani. Umefanya jambo kubwa." Na kila neno lilikuwa kweli.

Akaeleza kwamba bado haijaruka. Bila magurudumu haiwezi kukimbia ardhini, lazima irushwe kwa mkono, na yeye mikono yake yote miwili inatakiwa kwenye kisanduku. Amejaribu peke yake, imelala ubavu ikaanguka majanini. Ikianguka tena vibaya, mbao zilivyokonda, hakutakuwa na ya tatu. Aliyasema hayo akitazama chini. Hakutaja kwamba zamani alikuwepo mtu wa kumshikia mkia.

Nikanyoosha mikono. "Lete."

"Wifi!" wifi akasema. "Watu watasemaje?"

"Waseme tu."

Akanipa. Ilikuwa nyepesi, yenye joto kidogo tumboni palipolala betri. Akanielekeza niishike chini ya bawa, nielekee upepo, nisiitupe juu bali mbele, kama mtu anayesukuma mlango. Mota ikaanza. Nikakimbia na buibui langu, ndara zikanitoka, nikaisukuma. Ikazama. Nilisikia Jirani anaguna. Ikazama mpaka tumbo likagusa ncha za majani, ikaenda hivyo kitambo, kisha ikaanza kupanda, polepole, kwa shida, ikaivuka minazi.

Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ilipita juu yetu nyeupe tupu na hatukusikia ila upepo. Nikalia, na Jirani aliponiona akatabasamu huku macho yake yako angani, akidhani ni furaha. Haikupata muda wa chai kuchemka, betri zikaisha nguvu, akaiteremsha taratibu ikateleza kwenye majani kwa tumbo lake.

Tangu siku hiyo kurusha ikawa kazi ya wifi. Yeye aliyeogopa watu watasemaje ndiye aliyekuja kuipenda, akawa Jumamosi anamgongea Jirani mlango akichelewa, na ukimwambia umri wake haufai kukimbia viwanjani alikuuliza kama umepata kurusha ndege. Mtaa nao ukazoea. Ulikuwa unaanika nguo, unainua macho, unaona kitu cheupe kinapita juu ya kamba bila sauti.

Jirani aliusifu umeme kwa kila mtu. Ni safi, haunuki, hauumi vidole. Lakini nilipokwenda kuwatazama niliona kitu. Kila mota ilipowaka, alikuwa akiinamisha kichwa upande mmoja na kukaa hivyo kidogo, kama mtu aliyekatiziwa hadithi akingoja iendelee. Sikumuuliza. Mara moja tu nilimuuliza neno la ndani, tena lilinitoka bila kupanga. Nilimwambia, "Jioni ile uliyompiga picha mume wangu, ulijua?" Akaanza, "Mimi napiga picha…" akaacha. Akatazama vidole vyake. "Nilijua," akasema. Nikamshukuru, maana nilikuwa nimechoka kufikiri kwamba sote tulikuwa tumedanganyika.

Mwaka ule alipostaafu, lori lilikuja kuchukua vyombo vyake. Miaka ilikuwa imekwenda, na Jirani alikuwa na mvi, na miwani mizito iliyomfanya aipoteze ndege angani. Wifi alikuwa akimwelekeza kwa kidole, kulia, kulia, baba, sasa juu ya mnazi. Ndege yenyewe alimwachia yeye, ikatundikwa ukumbini kwetu. Wapagazi wakiwa wanapakia, akaja kuketi barazani petu kuaga. Tulizungumza habari za mkewe, za ng'ombe wanaomngoja, za baridi. Kisha akaivua miwani.

"Jirani, nataka kukuuliza kitu kabla sijaenda," akasema. "Na unijibu kama mtu wa bara."

Nikacheka. "Haya, uliza."

"Ule mlio wa injini. Wakati ule. Ulikuwa unakusumbua?"

Miaka yote ile nilikuwa na jibu la adabu limekaa tayari mdomoni. Nikamtazama mtu yule mzima, amekuja kuuliza jambo dogo namna ile huku lori linangoja, nikaona adabu haimfai tena.

"Haukunisumbua," nikamwambia. "Niliupenda. Ukilia, ilikuwa kama mume wangu bado yuko kiwanjani. Ulipokoma ndipo nilipojua kwamba amekufa."

Wapagazi walikuwa wanagombana juu ya kabati. Jirani alikuwa amepauka, midomo imekaza, nikaanza kujuta, nikataka kusema hapana, hapana, nilikuwa natania.

"Hata mimi," akasema mwisho. "Hata mimi niliupenda. Sijawahi kupenda kitu hivyo."

Kisha mzee yule, ambaye katika ujirani wetu wote sikupata kumsikia akipaza sauti, aliukunja mdomo wake akakohoa. Akakohoa tena. Na ikashika. Sijui aliutoa wapi kifuani mwake, lakini ulikuwa mlio ule ule, mwembamba, mkali, unaokata hewa. Aliupandisha, mishipa ikamtoka shingoni. Aliupeleka mbali, upande wa baharini, na kichwa chake kikaufuata taratibu. Akaugeuza huko huko, akaurudisha ukikua, ukapita juu ya minazi ya msikitini, juu ya paa, juu yetu. Wapagazi wakaliacha kabati wakasimama. Wifi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Watu wa barabarani wakaangalia juu.

Pumzi ilimwishia, mlio ukapunguka, ukanyamaa. Alikuwa anahema, jasho limemtoka, na hakumwonea mtu haya.

"Tena, Jirani," nikamwambia.

Akaiwasha tena.